Springi ya Mlango wa Banda la Gari

Nilipokuwa nikisoma Marekani, mwenye nyumba wangu alilegeza skrubu moja juu ya mlango wa banda la gari. Fito ya chuma aliyoishika ilizunguka ghafla ikamvunja mkono.

Mlango wa aina hiyo, unaopanda hadi darini, waweza kuwa na uzito wa kilo 70. Hata hivyo mtu huuinua kwa mkono mmoja. Kinachomsaidia ni springi iliyosokotwa juu ya mhimili. Na tufanye hesabu: mlango wa kilo 70 wenye urefu wa mita 2.1 ukipanda na kulala darini, kitovu cha uzito wake hupanda nusu ya urefu huo, nako kwahitaji jouli 720 hivi (70 × 9.8 × 1.05). Mlango ukiwa umefungwa, karibu nishati yote hiyo imo ndani ya springi. Ni karibu sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 uangukao kutoka mita 1.5. Mfuko ulioning'inizwa kila mtu huukwepa. Springi, kwa kuwa imetulia, hudhaniwa haina kitu.

Kwa hiyo skrubu zake, pamoja na vishikizo vya chini vinavyofunga waya wa chuma, ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Springi ikikatika, mota isiwashwe, wala mtu asipite chini ya mlango uliobaki wazi. Penye springi za kuvutika, waya hupitishwa katikati yake ili vipande visiruke.