Alama za Kahawa ni za Nani?

Wengi wetu tumechuma kahawa, tumeibeba, tumeichambua mezani hata macho yakauma. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuionja ile iliyotoka mikononi mwao? Kahawa yetu huonjwa mbali, ikapewa alama, bei ikapangwa, nasi tukaletewa neno moja tu: "Mwaka huu ubora umeshuka." Hapo lawama huanza, nazo humwangukia mchambuzi.

Ndiyo sababu baadhi yetu wa kamati tuliomba kukaa na waonjaji katika nyumba moja ya Mutanga Sud, hapa Bujumbura, siku walipokuwa wakionja kahawa ya kituo kimoja cha kuoshea. Kituo hicho hatutakitaja jina.

Kazi yenyewe si mchezo. Gramu 8 na robo za kahawa iliyosagwa hutiwa maji ya moto ya nyuzi 93, mililita 150. Baada ya dakika 4 mwonjaji huvunja kwa kijiko ule ukoko uliopanda juu, pua yake karibu iguse kikombe. Ikipoa kidogo huivuta kutoka kijikoni kwa sauti ambayo nyumbani ingetuletea kofi la mama, kisha huitema. Huandika harufu, ladha, utamu, uchachu, uzito mdomoni, na mengineyo, jumla alama 100. Kwa kipimo hicho kilichotumika miaka mingi, kahawa iliyofika 80 huhesabiwa kuwa ya daraja maalum, na mnunuzi wake hulipa zaidi. Burundi iliingia katika shindano la kimataifa la Cup of Excellence mwaka 2012, na tangu hapo kahawa ya milima yetu inajulikana mbali.

Kwa kila kahawa huwekwa vikombe 5, si kimoja. Tuliuliza kwa nini. Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu kuna kasoro iitwayo ladha ya kiazi: kikombe kinanuka kama kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Kasoro hiyo inahusishwa na mdudu wa jamii ya kunguni, antestia, anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje moja tu yatosha kuharibu kikombe kizima, na ikishakaangwa huwezi kuitambua kwa macho. Anayeweza kuizuia ni yule anayeelea matunda majini na kuondoa yale mepesi, na yule mama aliyeinama juu ya meza akitafuta punje yenye tundu au doa. Usafi wa kikombe pekee una alama 10, yaani 2 kwa kila kikombe. Hesabu hizo, ndugu zetu, zinatoka kwenye vidole vya wachambuzi.

Sasa tuje kwenye misimu. Wafaransa huweza kufungua mvinyo wa shamba moja wa miaka 10 au 20 iliyopita, wakaupanga mezani mwaka kwa mwaka na kuulinganisha. Kahawa haingoji hivyo. Waonjaji walituwekea ya msimu huu na ya msimu uliopita, nayo ile ya zamani tayari ilikuwa na harufu ya gunia. Wakasema si haki kuipa alama leo. Alama yake ya haki ni ile iliyoandikwa ilipokuwa mpya. Basi wakafungua daftari.

Msimu wa juzi: 85, "tamu, kama chungwa, safi." Msimu uliopita: 81, "uchachu umezidi, kikombe kimoja kiazi." Msimu huu, mbele ya macho yetu: 86.

Wachambuzi ni walewale misimu yote mitatu. Ni nini basi kilichotokea msimu uliopita? Wenzetu wa kituo walitueleza. Mikahawa huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na ule ulikuwa mwaka wa kuzaa. Matunda yalifika kwa wingi mara moja, mvua nazo hazikukoma. Meza za kuanikia hazikutosha, kahawa ikalazwa nene, haikukauka kwa wakati. Mikono haikuongezwa. Mama aliyekuwa akichambua kwa utulivu alisukumwa achambue kwa mbio. Kisha akaambiwa ni mvivu!

Mwaka huu alama zimepanda, wala hatujasikia mtu akisema ni kwa sababu ya wachambuzi.

Tunachodai si kikubwa. Karatasi ya alama irudishwe kituoni, ibandikwe ukutani, isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Wanaoonja kituoni wawaite wachambuzi wawili watatu waonje pamoja nao, maana aliyeonja kiazi mara moja hataisahau ile punje. Na bei ikipanda kwa ajili ya alama, ujira wa kutwa nao uguswe.

Wenzetu hawakungoja jibu. Wamenunua daftari lao, na mama mmoja wa meza ya tatu amechaguliwa kuliandika kila jioni. Safu ya kwanza ni mvua, ya pili kilo zilizopokelewa, ya tatu idadi ya meza, ya nne idadi ya wachambuzi. Safu ya tano, ya alama, imeachwa wazi mpaka karatasi irudi.