Kutembea Pwani Wakati wa Masika

Katika mkutano wetu uliopita palizuka suala ambalo halikuwamo katika ajenda, nalo lilichukua muda mrefu kuliko yote yaliyokuwamo. Mzee mmoja wa kamati alisimama akasema kwamba vijana wa mashamba yetu, miezi ya Aprili na Mei, huacha majembe wakaenda mashariki kuwatembeza wageni kwa miguu kando ya bahari. "Bwana Katibu," akauliza, "mtu anayetoa fedha zake kuja kunyeshewa ana akili timamu?" Watu walicheka sana. Mwanachama mmoja hakucheka, kwani mwanawe ni katika vijana hao. Yeye alitaka kujua kama kazi hiyo ina usalama na kama ina riziki ya kweli. Mwenyekiti aliniagiza nilieleze jambo hili katika gazeti letu, na haya ndiyo maelezo yangu.

Kwanza wageni wenyewe. Mwaka 2024 walioingia Zanzibar walizidi 700,000. Wengi wao hufuata jua: huja Juni hadi Oktoba, kusi linapopoza joto, na tena Desemba hadi Februari wakati wa kaskazi. Masika yanaposhika, tangu katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei, hoteli nyingi za pwani ya mashariki hupunguza bei, na baadhi hufunga milango kabisa zikapaka rangi na kuezeka upya. Sisi wakulima hali hiyo si ngeni kwetu. Uchumaji wa karafuu huwa baina ya Julai na Januari. Masika hapana karafuu ya kuchambua wala jamvi la kuanikia. Basi mfuko wa mkulima na mfuko wa mwenye hoteli hukauka katika miezi ile ile ambayo ardhi imelowa.

Wageni wajao masika ni wachache, na ni watu wa namna nyingine. Hawakuja kulala juani. Kwao Ulaya kutembea mwendo mrefu kando ya bahari ni mapumziko yenye heshima, na hupenda kufanya hivyo wakati ambapo ufukwe hauna watu. Wala hawakukosea. Mvua yetu aghalabu hushuka kwa nguvu usiku au asubuhi, kisha hukatika jua likatoka, na mchanga uliolowa huwa mgumu chini ya unyayo, mwepesi kuuendea. Ziko siku za mvua kutwa nzima, hilo sikatai. Siku hizo mtu hukaa ndani akanywa chai. Tena kusi likianza kuvuma mwezi wa Mei, pwani ya mashariki hupokea majani mengi ya bahari ambayo wenye hoteli huyachukia. Mtembeaji huyaruka akaenda zake.

Njia ninayoiona bora ni ile ya kusini-mashariki, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi. Anayetoka kaskazini, kwa Matemwe na Kiwengwa, asidhani ataunganisha kwa miguu kando ya maji, maana Ghuba ya Chwaka hukata njia, na kutoka Chwaka kwenda Michamvi ni kwa chombo. Bwejuu mpaka Jambiani ni mchanga mweupe karibu wote, na nyumba za kijiji ziko karibu na maji. Jambiani ni mji mrefu; mtu hudhani umekwisha, kumbe ndiyo kwanza anaingia katikati. Kutoka hapo kwenda Makunduchi mambo hubadilika. Mahali pengine mchanga huisha, jabali la matumbawe likaingia baharini, na mtu hulazimika kupanda juu akashika njia ya uwandani katikati ya vichaka. Mbele zaidi ni Mtende, penye ufukwe mdogo chini ya majabali ambao maji yakijaa huumeza. Anayeendelea mpaka Kizimkazi Dimbani ataukuta msikiti wenye maandishi ya khati ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya baadaye, lakini maandishi yamo, na Mwislamu wa Unguja ambaye hajayaona hana udhuru, ilhali watu huvuka bahari kuja kuyatazama.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe hasa, nalo ni maji. Sisi watu wa mashamba twajua udongo. Bahari wengi wetu twaijua kwa kuivuka tu. Kijana aliyekulia Donge au Mahonda akipewa wageni watano awapeleke mwambani, na yeye hajui kuhesabu mwezi, amebeba roho sita mkononi na hana habari.

Hesabu yenyewe si ngumu, na aliyesoma chuoni ameshika nusu yake tayari, kwa kuwa hufuata mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua, maji yakajaa sana na yakapwa sana. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika siku hizo, pwani zetu, maji huwa yamepwa karibu saa 4 asubuhi, na yamejaa karibu saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo ukifika mwezi 8 au 22, mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi ndipo maji yamejaa, na hayo ni maji mafu ambayo hata yakipwa hayaendi mbali. Mwenye kuyahifadhi haya hatakosea kwa mengi, lakini asiache kumwuliza mvuvi wa kijiji, kwani upepo mkali huweza kuyachelewesha maji au kuyaharakisha.

Kanuni ya kutembea ni kutoka wakati maji yanapokwenda, si wakati yanaporudi. Siku ya bamvua mtu atoke saa 2 asubuhi, na ifikapo saa 4 kasorobo, akiwa nje mwambani, awe amekwisha geuza uso kurudi. Watu wengi hukosea hapa, wenyeji na wageni. Mwamba huwa mbali, mahali pengine zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, na baina yake na nchi kavu pana mabonde ya maji. Maji yakianza kujaa hayaji mbele yako ukayaona. Huingia kwa milango ya mwamba yakajaza kwanza yale mabonde yaliyo nyuma yako, ilhali wewe umesimama juu pakavu ukimtazama pweza. Ukigeuka, bonde ulilolipita kwa magoti sasa ni la kifua, nalo lina mkondo. Mgeni asiyejua kuogelea hapo hana la kufanya. Nimesikia vijana wakisema, "Bado mapema, maji yenyewe mbali." Maneno hayo yasisemwe na mtu anayelipwa kuongoza.

Hatari nyingine za masika ni radi, kwa kuwa juu ya mchanga mtupu mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Wingu likiguruma, watu waondoke uwazini waingie kijijini. Tena wasimame mbali na minazi. Miguuni watu wavae raba, si kandambili: majini mna wadudu weusi wenye miiba mirefu, na matumbawe hukata kama kisu. Na tahadhari za hali ya hewa zifuatwe. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zilisimamishwa. Sisi wenye mikarafuu hatuhitaji kukumbushwa kwamba dhoruba kubwa ya 1872, iliyobwaga sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba salama, ilipiga mwezi wa Aprili.

Yapasa pia kusema juu ya wenyeji wa huko. Ufukwe ule ambao mgeni huuita mtupu si mtupu. Maji yakipwa, wanawake wa Paje na Jambiani huwa kazini. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, na vile vijiti vilivyosimama safu safu majini vimefungwa kamba, na kila kamba ina mali ya mtu. Kikundi cha watembeaji kikipita katikati huvunja kazi ya wiki kadhaa. Yale marundo ya mawe yaliyo karibu na ufukwe nayo si mawe ya bure. Chini yake yamefukiwa makumbi ya nazi, yanaozeshwa na maji ya chumvi kwa miezi mingi, kisha hupondwa yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Atakayeondoa jiwe apate pa kukaa amemharibia mwanamke wa watu. Na viko vijiji ambavyo hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Palipofungwa pasikanyagwe, hata kama mgeni ameahidi bakshishi nono.

Wanachama wazee watakumbuka kwamba watu wa Makunduchi, Jambiani na Bwejuu ndio waliokuwa wakija mashambani kwetu kuchuma wakati wa mavuno. Walilala vibandani mwetu na kula chakula chetu, na sisi tuliuza karafuu walizopanda mitini kuzichuma. Kijana wa mashamba anapokwenda kwao leo kutafuta riziki, na apige hodi. Apite kwa sheha, achukue mwenyeji wa kijiji kuwa mwongozi mwenziwe, na wagawane malipo. Malipo yakubaliwe kabla ya kuondoka, si baada. Na ajue kwamba anayeongoza wageni kwa ujira hutakiwa awe na kibali cha Kamisheni ya Utalii. Atakayekamatwa bila kibali Chama hakitamsemea.

Mgeni naye aambiwe desturi zetu mapema, kabla hajaaibika. Akitoka ufukweni kuingia mjini ajifunike mabega na magoti. Asiwapige picha wanawake walio kazini bila ya ruhusa. Mwaka 2022 mwezi wa Ramadhani ulianza Aprili, ikawa shida kwa pande zote mbili. Tangu hapo umekuwa ukirudi nyuma mpaka Februari na Machi, kwa hiyo kwa miaka kadhaa masika yatakuja baada ya Idi, na mtu ataweza kula embe lake ufukweni bila ya kumkera mtu.

Mwanachama yule aliuliza kama ina riziki. Ipo, lakini ndogo, nayo haifai kushindana na shamba. Masika ndiyo majira ya kupanda miche ya mikarafuu, na mche uliokosa mvua ya Aprili hautangoji mpaka mgeni arudi kwao. Nionavyo mimi, kijana apande kwanza, kisha siku mbili au tatu za bamvua aende pwani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote zabaki kwa jembe.

Liko jambo moja ambalo halikutajwa mkutanoni, nami naona ni kubwa kuliko yote hayo. Njia ya pwani inazibwa. Tangu zamani mvuvi, mwuza samaki, mtoto wa chuo na mganga walipita kando ya bahari kutoka kijiji hata kijiji bila ya kumwomba mtu. Leo ziko kuta zilizojengwa hata zikagusa maji, na maji yakijaa hapana pa kupita ila kuzunguka mpaka barabarani. Ukuta wa namna hiyo humdhuru na jirani, maana wimbi likipigwa na ukuta huchimba mchanga wa pembeni. Masika, hoteli zikiwa zimefungwa, ndipo mlinzi wa langoni humwambia hata mwenyeji, "Hapa hapapitiki."

Nayasema haya kwa sababu baadhi yetu tumerithi minazi huko kwa upande wa mama zetu. Ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma mwaka 1964, lakini mti huweza kuwa na mwenyewe, na ndiyo maana mtu huambiwa anauza minazi tu, kumbe aondoapo minazi ameondoa na njia. Ndugu mwanachama, ukijiwa na mnunuzi, usitie kidole wala saini kabla ya kumwita sheha na kabla ya njia ya miguu kuandikwa katika karatasi ile ile, kwa upana wake na mahali inapopita. Mnunuzi wa haki hatakataa. Karatasi ya kiingereza usiyoielewa ilete ofisini, tutaisoma pamoja bila ya malipo.

Kamati imekubali kwamba mwaka huu wanachama wenyewe watatembea. Siku ni mwezi 16 Mfunguo Pili. Gari litaondoka ofisini baada ya sala ya alfajiri, na tutaanza kutembea kutoka Paje kuelekea Jambiani saa 2 na nusu asubuhi. Maji yatapwa karibu saa 4 na nusu. Hatutakwenda nje mwambani. Chakula cha mchana kitapikwa Jambiani kwa watu wa huko, na kila mtu atachangia. Wazee wasioweza mwendo watakwenda na gari mpaka Jambiani watungoje. Kila mmoja aje na raba, maji ya kunywa na nguo ya kubadili, na majina yaletwe kwangu kabla ya mwezi 10. Vijana waongozao wageni tunawaomba waje wote, kwani tutafuatana na mvuvi mmoja wa Paje ambaye ameridhia kuwafundisha kuyasoma maji papo hapo.