Kupitisha Asubuhi Mjini Wuhan

Siku hizi si ajabu mama wa Kitanzania kufungasha mizigo na watoto akamfuata mumewe aliyepata nafasi ya masomo China. Kabla ya safari huwaza baridi, lugha na shule. Chakula cha asubuhi hakiwazi, kumbe ndicho kitakachomsumbua kwanza. Unga wa uji uliobebwa kwenye sanduku hauchukui muda kwisha, mkate wa dukani ni mtamu kama keki, na mtoto aliyezoea chai ya maziwa na maandazi hugoma kabisa. Wa kwangu, mwenye miaka mitano, alikwenda shule siku nane mfululizo na ndizi moja tumboni, hata kaptula ikaanza kumvuka.

Tulikaa Wuhan, mkoa wa Hubei, pale mto Han unapoingia katika mto Yangtze. Wenyeji wana neno lao la kula asubuhi, guozao, yaani kama kusema "kupitisha asubuhi", na wengi hawaipitishii nyumbani. Tangu alfajiri mama lishe wa huko wamekwisha injika masufuria, na watu hula wamesimama au wakitembea, bakuli la karatasi mkononi. Mama wa nyumbani anayekula hivyo haonekani mvivu wala mtu aliyetupa wajibu wake. Kwangu mimi, niliyefundwa kwamba mke huamka kuwasha moto kabla ya wote, hilo lilikuwa zito. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mama watoto, hatukuja kushindana na jiko. Twende tukale wanakokula wenzetu."

Chakula kinachowapa watu wa Wuhan fahari ni reganmian, tambi za moto zisizo na mchuzi. Tambi hizo hukandwa kwa magadi, ndugu ya yale tunayotia kwenye maharage, hivyo huwa za manjano na ngumu kidogo mdomoni. Huchemshwa nusu, hupakwa mafuta na kupoozwa. Mteja akifika, huchovywa kwenye maji yanayotokota kwa muda mfupi tu, kisha humwagiwa rojo zito la ufuta, figili ya chumvi, kitunguu cha majani na pilipili. Koroga upesi, maana rojo likipoa tambi hugandamana. Ufuta huo ulinifanya nijisikie nyumbani, kwa kuwa Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi na China ni mnunuzi wake mkubwa. Mwaka 2020 mji ulipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Januari 23 hadi Aprili 8, tambi hizi ni miongoni mwa vitu ambavyo watu walivililia, na vibanda vilipofungua tena walipanga foleni.

Mwanangu hakuzitaka. Kilichomfungua kinywa ni mianwo. Ni rojo la mchele na soya lenye kitunguu na tangawizi, linalomiminwa kwenye upawa uliobinuka katikati na kuzamishwa katika mafuta. Hutoka mfano wa kitumbua chenye tundu, kikavu pembeni kama bagia. Alikula viwili, akaomba cha tatu. Sikumkatalia, ingawa ni vya mafuta. Mtoto aliyekonda hufunguliwa mlango kwanza, habari za mboga zitafuata.

Kuna pia doupi, inayofanana na chapati ya maji iliyofunikia wali wa kunata, na youtiao, andazi refu lisilo na sukari. Hilo la mwisho tulilila mara chache. Kwa desturi huumuliwa kwa shabu, ambayo ina aluminiamu, na serikali ya China imeweka kikomo cha miligramu 100 kwa kilo ya chakula. Muuzaji wa barabarani hapimi.

Kinywaji cha vyakula hivi ni doujiang, maziwa ya soya, ambayo yana protini nzuri kwa watoto. Ukitaka kuyatengeneza mwenyewe, jihadhari na jambo moja. Hufanya povu na kupanda kama yamechemka, kumbe bado. Punguza moto, uendelee kuyachemsha dakika kadhaa huku ukikoroga, kwa sababu soya mbichi huleta kichefuchefu na kutapika.

Kwa wasiokula nguruwe, ulizeni mapema. Nyama yake hutiwa ndani ya doupi na ndani ya maandazi ya mvuke, nayo haionekani mpaka umeuma. Mama mwenye mtoto anayedhurika na karanga asikubali rojo lolote kabla hajajibiwa, kwani wengine huchanganya ufuta na karanga. Andikiwa swali hilo kwa Kichina kwenye karatasi uonyeshe. Bei haitishi, lakini wengi hulipa kwa simu, hivyo mumeo akuwekee malipo hayo kwenye simu yako pia, usije ukawa unamngoja yeye kununua bakuli la tambi.

Baada ya miezi miwili mwanangu alikuwa akiagiza mwenyewe kwa Kichina, nami nikitafsiriwa. Vibanda vingi hufunga mapema. Jumapili tulikula kabla ya ibada, maana ukipita pale saa tano unamkuta mama muuzaji anasugua sufuria.