Asali yako ya Tabora itapimwa kwa sumaku. Je, uko tayari?



Juzi kijana mmoja wa Sikonge kanipigia simu: "Afisa, mnunuzi wa nje anasema asali yangu itapimwa NMR. Ndiyo kitu gani? Halafu nikiongeza ndoo moja ya maji ya sukari kwenye pipa, watajua?" Nikamjibu: watajua, na pipa zima utakuwa umelipoteza. Hebu nieleze.

Enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, hapa Tabora maabara ilikuwa jicho na ulimi. Leo mnunuzi yuko Ulaya, hakujui wewe wala msitu wako. Tena ana wasiwasi: ripoti ya Umoja wa Ulaya ya 2023 ilionyesha kwamba kati ya sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje, 147 zilishukiwa kuchakachuliwa.

NMR ni mashine yenye sumaku kali sana. Ndani ya asali kuna haidrojeni nyingi, na kiini cha kila haidrojeni ni kama kisumaku kidogo. Asali kidogo ikiwekwa kwenye sumaku ile na kupigwa mawimbi ya redio, viini vinaitikia. Haidrojeni iliyo kwenye sukari inaitikia tofauti na iliyo kwenye asidi au kilevi. Kompyuta inachora mstari wenye vilele vingi, kisha inaulinganisha na michoro ya asali halisi iliyohifadhiwa. Kanuni ni ileile ya MRI ya hospitali.

Kipimo cha zamani cha kaboni kinakamata sukari ya miwa na ya mahindi, lakini sharubati ya mchele inaweza kupenya. Ndiyo maana NMR imeongezwa.

Ila na yenyewe ina udhaifu. Kama kwenye hifadhi ile asali ya miombo ni chache, asali yako safi inaweza kuonekana ngeni. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, muulize mnunuzi: mna sampuli za asali ya Tanzania mnazolinganishia?

Upande wako, fanya haya:

1. Usilishe nyuki maji ya sukari msimu wa maua unapokaribia. Yataishia kwenye masega.
2. Vuna masega yaliyofunikwa kwa nta, angalau robo tatu. Asali mbichi ina maji mengi, inachacha, na kilevi chake NMR inakiona. Maji yenyewe pima kwa refraktomita. Yasizidi asilimia 20.
3. Usichemshe asali jikoni ili ichujike haraka. Joto linazalisha kemikali iitwayo HMF, na kikomo cha Ulaya kwa asali ya nchi za joto ni miligramu 80 kwa kilo.
4. Kila ndoo iandike tarehe, kijiji na msitu. Kwa kila mavuno, jaza chupa moja, ifunge, iweke mahali pa baridi na giza. Likitokea zogo, huyo ndiye shahidi wako.

Yule kijana wa Sikonge kaacha ile ndoo ya sukari. Sasa anatafuta chupa.