Daraja Liko Juu, Wateja Wako Chini

Nauza sabuni, mafuta ya kula, khanga na ndala karibu na soko kuu la Mtwara, na wateja wangu wazuri siku zote ni wa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mpaka ule walipatana Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Wamakonde wa huku na wa kule hawakuulizwa. Mteja anakuja na metikali zake, ananiita dada, tunavutana bei kwa Kimakonde, kisha mzigo unapandishwa gari hadi kivuko cha Kilambo. Hapo ndipo biashara inapolala. Mto umejaa mchanga huku karibu na bahari, pantoni inangoja maji yajae, na mwenye haraka anapanda mtumbwi huku akiomba Mungu viboko wawe mbali.

Wakubwa nao wana mipango yao. Mwaka 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilikubaliana kuanzisha Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, bandari yetu iwe mlango wao wote. Mei 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye mita 720. Ni daraja zuri, sibishi. Lakini liko Nanyumbu, mbali huko bara, na mnunuzi wa ndala anakaa pwani.

Bandari yenyewe imeamka. Imepata gati jipya la mita 300, na baada ya korosho sasa inapakia makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma. Meli ikitia nanga, makuli wanapata kazi na mama lishe wanaongeza sufuria. Ila Mtwara ina sababu ya kuogopa mzigo wa aina moja. Bandari hii Waingereza waliipanga kwa ajili ya karanga za Nachingwea, na ilipofunguliwa mwaka 1954, mpango wa karanga ulikuwa umeshakufa miaka mitatu nyuma. Reli yake ikaja kung'olewa.

Kinachoniuma zaidi ni karatasi. Mwenzangu wa Namanga akiwa na bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000, anapata cheti chepesi cha uasili palepale mpakani, kwa kuwa Kenya na sisi tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msumbiji haimo. Tumo nayo SADC, yenye eneo la biashara huria tangu 2008, lakini msamaha wa ushuru unadai cheti kamili cha uasili, na hiyo ni kazi ya kumpa wakala. Nani atamlipa wakala kwa katoni sita za sabuni? Basi zinavuka kimya kimya, na ukinyang'anywa njiani huna pa kushtaki. Korosho nazo hufuata njia hizohizo: bei ya huku ikipanda, mzigo wa kule huvushwa usiku, unachanganywa na wa kwetu, na mkulima wa Tandahimba anaharibiwa sifa ya korosho zake ghalani.

Halafu kuna hatari ambayo hakuna forodha ya kuizuia. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, hukuhuku kwetu. Machi 2021 wakaivamia Palma, na mradi mkubwa wa gesi wa Afungi ukasimama. Biashara yangu ikakatika kwa pigo moja. Waliokuwa wakija na pesa wakaja na watoto na vifurushi, na madeni yangu sikuwa na uso wa kuyadai.

Wapo wanaosema tuufunge mpaka kabisa. Siungi mkono. Njia ikifungwa kwa mwenye sabuni, anayebaki kuijua usiku ni mwenye bunduki na mwenye magendo. Ninyi mnaopanga ukanda, anzieni Kilambo: tuleteeni chombo kisichongoja maji, na mtutengenezee fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwenye mzigo mdogo anaweza kuijaza mwenyewe.