Bodi ya Lori: Zinki au Rangi?

Mkulima anayenunua lori la kupelekea mazao sokoni huchunguza sana injini na magurudumu, lakini bodi huitazama kwa haraka tu. Hata hivyo bodi ndiyo ibebayo mzigo, na mara nyingi ndiyo inayoharibika kwanza. Adui yake ni kutu. Mwenye lori hana budi kuchagua: chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, au chuma kilichochovywa katika zinki.

Ufundi wa kuchovya chuma katika zinki ulipewa hati ya uvumbuzi huko Ufaransa mwaka 1837. Chuma husafishwa kwa asidi, kisha huzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 za sentigredi hivi. Zinki hiyo ina sifa ya ajabu: chuma kikikwaruzwa, zinki iliyo kando huliwa badala yake. Rangi ya kawaida haina uwezo huo. Ikichubuka, kutu huingia na kutambaa chini yake.

Je, zinki ni bora daima? La. Achukuaye mawe na kokoto kila siku ataona zinki ikisuguliwa hadi kwisha, kwa maana ni laini, na unene wake kwa kawaida haufiki sehemu moja ya kumi ya milimeta. Huyo afadhali anunue chuma cha kawaida kilicho kinene, akipake rangi mara kwa mara. Bali achukuaye maziwa au mboga mbichi, ama akaaye Mombasa penye hewa ya chumvi, zinki itamfaa zaidi. Mbolea ya chumvichumvi na mkojo wa ng'ombe huila zinki pia. Kwa hiyo bodi ioshwe jioni ile ile.

Jambo moja ni la hatari. Fundi akichomelea chuma chenye zinki, hutoka moshi mweupe uletao homa na kutetemeka. Lazima kwanza aikwangue zinki mahali pa kuchomelea, afanye kazi penye upepo, kisha apake hapo rangi yenye zinki.

Chuma cha zinki ni ghali zaidi. Lakini mnunuzi asitazame bei ya dukani peke yake. Ajumlishe gharama za rangi, na siku ambazo lori litalala kwa fundi. Lori lililolala halileti mapato, na nyanya hazingoji. Vyo vyote atakavyochagua, aondoe matope na kuzibua matundu ya kutolea maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.