Mtihani wa Uuguzi na Daftari la Makosa

Mtihani wa uuguzi hauishii katika chumba cha mwanafunzi. Huingia jikoni, huingia sebuleni, hata wageni wajao kusalimu hupokewa kwa sauti ya chini. Hayo nimeyaona kwa macho yangu katika nyumba ya dada yangu, ambaye yeye na mumewe walitoka Mombasa wakakaa katika jimbo la Minnesota, Marekani. Binti yao aliuingia mtihani huo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amejibu maswali ya mazoezi zaidi ya elfu tatu, na akaanguka. Mara ya pili alijibu machache mno kuliko hayo, na nitaeleza yaliyokuwa.

Lakini kwanza yafaa mtihani wenyewe ujulikane, kwani vijana wetu wengi huuogopa bila ya kuufahamu. Huko Marekani, mtu akiisha kuhitimu chuo cha uuguzi hawezi kupata leseni ya muuguzi aliyesajiliwa mpaka aupite mtihani uitwao NCLEX-RN. Canada nayo ilianza kuutumia mwaka 2015. Tangu mwaka 1994 hufanywa kwa kompyuta, na kompyuta hiyo haimwulizi kila mtu maswali yale yale. Mfano wake ni mwalimu wa chuoni amsikilizaye mwanafunzi mgeni. Akiona amesoma vema humpandisha mbele, akikwama humrudisha nyuma kidogo, hata atakapokuwa na yakini ya mahali alipofika kijana huyo. Basi ukijibu sawa, swali lifuatalo huwa zito zaidi. Ukikosa, hupunguzwa uzito. Swali ulilokwisha kulijibu hulirudii tena. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda wote ni saa 5. Kwa kawaida kompyuta hukoma pale inapokuwa na hakika ya asilimia 95 kwamba mtahiniwa yuko juu ya kipimo au yuko chini yake.

Katika jambo hilo mna siri ambayo wazazi wafaa kuijua. Kwa kuwa kompyuta humfuata mtu mpaka kwenye ukingo wa elimu yake, hata aliye hodari hukosa karibu nusu ya maswali anayoulizwa. Kwa hiyo wengi hutoka chumbani wakiona wameanguka, na hali wamefaulu. Na aliyekariri majibu hupandishwa daraja baada ya daraja mpaka afike pale ambapo hakukariri kitu.

Ndipo alipofika mpwa wangu. Ada yake ilikuwa kujibu maswali katika simu, ndani ya basi na wakati wa kungoja chai ichemke. Akigusa jibu, simu humwonyesha rangi ya kijani au nyekundu, naye hupita. Akiyamaliza maswali yote huanza upya, na mara hii hupata tisini katika mia. Sote tulifurahi, na mimi nikiwamo. Hatukujua kwamba tisini ile ilikuwa ikipima jinsi alivyolikumbuka swali, maana maswali yale alikuwa amekwisha kuyaona mara tatu.

Matokeo yalipokuja, yalikuja pamoja na karatasi impatayo kila aliyeanguka, ielezayo katika kila sehemu ya masomo kama alikuwa juu ya kipimo, karibu nacho, au chini yake. Kuurudia mtihani kulitaka kungoja siku 45 na kulipa tena dola 200. Baba yake alikwisha kuwaandikia jamaa wa Mombasa kwamba binti ni muuguzi. Siku zile nyumba ile ilikuwa na huzuni ambayo hakuna aliyetaka kuitaja.

Katika siku hizo akatokea mwenziwe mmoja wa masomo, akamwambia kwamba kuna mtu auzaye maswali "yaliyotoka" kwa fedha si nyingi. Dada yangu akaniuliza, "Kaka, huu si msaada tu, kama mtu amwazimaye mwenziwe kitabu?" Nikamjibu kwamba kila mtahiniwa hukubali kwa ahadi, kabla ya kuanza, kutotoa nje maswali ayaonayo. Basi ayauzaye amevunja ahadi, na anunuaye amemsaidia kuivunja. Tena yuko wa tatu ambaye hakuulizwa, naye ni mgonjwa. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya watu walioshiriki katika biashara ya vyeti vya uongo zaidi ya 7,600 kutoka vyuo vitatu vya uuguzi katika jimbo la Florida. Walionunua vyeti hivyo waliuingia mtihani huu huu, na kiasi cha 2,400 miongoni mwao waliupita. Dada yangu akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Na kama mmoja wao angalikuwa ndiye aliyemwangalia mama yetu?" Habari ya maswali ya kununua ikaishia hapo.

Ama msaada wa kweli ulitoka nyumba ya tatu kutoka hapo. Anakaa mama mmoja wa makamo ambaye amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi. Si jamaa yao kwa damu, lakini binti humwita Shangazi. Alikuja Jumamosi moja baada ya Alasiri, akaiweka simu ya binti kando, akataka daftari tupu na maswali 10 tu.

"Usiniambie jibu," akasema. "Niambie mgonjwa huyu ana nini."

Swali la kwanza lilihusu wagonjwa wanne, na muuguzi aulizwa amwone yupi kwanza. Mmoja amepasuliwa siku mbili zilizopita naye ataka dawa ya maumivu. Wa pili ana kisukari, na sukari yake ni miligramu 180 kwa desilita. Wa tatu ana ugonjwa wa pumu. Saa moja iliyopita kifua chake kilikuwa kikilia kama filimbi, na sasa kimenyamaza, naye anasinzia. Wa nne ana jamaa wenye hasira kwa kungojeshwa. Binti akamchagua yule wa maumivu. Akaeleza, "Wa pumu amepata nafuu, Shangazi. Kifua hakilii tena, naye amelala."

"Kifua kililia kwa sababu hewa ilikuwa ikipita kwa shida," akasema Shangazi. "Sasa hakilii. Je, njia imefunguka, au hewa haipiti kabisa? Aliyepata nafuu huzungumza nawe. Huyu asinzia kwa kuwa amechoka kupumua, mwanangu. Ukenda kwa mwenye maumivu kwanza, ukirudi hutamkuta."

Binti akalia kidogo. Nadhani siku ile ndipo alipofahamu kwamba alikuwa amekariri neno "mlio" kuwa ni hatari, wala hakupata kujiuliza kwa nini.

La pili lilikuwa la mgonjwa wa moyo atumiaye digoksini pamoja na furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini. Mapigo ya moyo wake ni 52 kwa dakika, potasiamu katika damu ni 2.9 ilhali kiasi cha kawaida ni 3.5 hadi 5.0, naye alalamika kichefuchefu na kwamba taa zina duara ya manjano. Hapa binti alijibu sawa, kwamba digoksini izuiliwe na daktari aarifiwe, akataka kupita. Shangazi akamzuia. "Kwa nini?" Hakujua. Akafundishwa kwamba furosemidi huiondoa potasiamu pamoja na maji, na potasiamu ikipungua digoksini huzidi nguvu mpaka ikawa sumu. Kichefuchefu na rangi ya manjano ni dalili za sumu hiyo. "Jibu la sawa usilojua sababu yake," akaamrishwa, "liandike katika daftari pamoja na makosa."

La tatu nalileta kwa kuwa latuhusu sana sisi. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini amwambia muuguzi kwamba ataufunga mwezi wa Ramadhani. Muuguzi afanye nini kwanza: amkataze, amwachie shauri lake, ampunguzie insulini, au amwulize jinsi atumiavyo dawa na jinsi sukari yake ilivyokuwa? Binti akachagua kumkataza, tena kwa moto, akisema kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumpa mgonjwa ruhusa. Shangazi akacheka. "Dini umeijua, lakini swali hukulisoma. Muuguzi ameulizwa la kwanza. Utamkataza vipi mtu ambaye hujui hali yake? Wala kipimo cha dawa hukibadili wewe bila ya daktari. Uliza kwanza." Kisha akatuambia sisi wazee tuliokuwa tukisikiliza mlangoni kwamba mwenye kisukari aendaye kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama huwa amefanya vema, na afungaye, sukari ikishuka chini ya miligramu 70 au ikipanda juu ya 300, afuturu saa ile ile asingoje Magharibi. Kupima kwa kudunga kidole, wanazuoni wengi wameeleza kwamba hakuvunji saumu. Shemeji yangu, ambaye ana ugonjwa huo, aliyasikia hayo kwa mara ya kwanza.

Basi ndivyo walivyoendelea, kila siku maswali yasiyozidi 30. Daftari lilipigwa mistari likawa na sehemu tatu: nilichojibu, nilichodhani, na neno ambalo sikuliona katika swali. Baada ya wiki mbili binti mwenyewe aligundua kwamba makosa yake mengi yalikuwa ya namna moja: alikimbilia kutenda kabla ya kuuliza na kupima. Ile karatasi ya matokeo, iliyokuwa imefichwa chini ya nguo, ikatolewa ikabandikwa ukutani, na sehemu alizokuwa chini ya kipimo zikawa ndizo za kwanza kusomwa. Vilevile alijizoeza visa virefu vilivyoongezwa katika mtihani huo mwezi wa Aprili 2023, ambamo habari ya mgonjwa mmoja huletwa kwa sehemu na kuulizwa maswali 6.

Nyumba nayo ilibadilika. Dada yangu alikuwa na desturi ya kumwita binti kila mgeni akibisha, amletee chai. Kazi hiyo akapewa mdogo wake wa kiume, naye, baada ya manung'uniko ya siku mbili, akaonekana ana mkono mzuri wa chai kuliko dada yake. Mara moja kwa wiki binti alikaa mezani na maswali 85 asiinuke mpaka ameyamaliza, asubuhi, saa ile ile ya mtihani. Kukesha kukakatazwa, na baada ya Isha simu ililala chumbani kwa mama.

Katika siku hizo Shangazi alimsimulia habari za Bibi Rufaida, aliyewauguza majeruhi zama za Mtume (s.a.w.), na jinsi Saad bin Muadh alivyopelekwa katika hema lake baada ya vita vya Khandaki. Binti akauliza kama Bibi Rufaida naye alikuwa na mtihani. "Alikuwa na Saad," akajibiwa.

Mara ya pili kompyuta ilikoma katika swali la 112. Binti alirudi nyumbani akavua viatu, akasema ameanguka, akalala mpaka Alasiri. Siku mbili baadaye, mama yake akiwa anakaanga sambusa, alisikia kelele kutoka chumbani akadhani mtu ameungua.

Hivi sasa binti yuko katika wadi ya wagonjwa wa moyo, zamu ya usiku. Daftari halipo tena nyumbani. Shangazi alikuja akaliomba, kwa kuwa kijana mmoja wa msikitini, mwanamume, aliyeanguka mara moja, anangoja siku zake 45 zitimie.